Meli Katika Beseni Langu la Kufulia

Mume wangu aliponikatia ndala zangu za kuogea ili apate magurudumu ya treni, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ndala nzima kabisa, jamani! Yeye aliinua uso tu, kisu mkononi, akasema, "Mke wangu, za kwangu zimeisha."

Huyu mtu aliendesha kichwa kidogo cha treni bandarini Mwanza, kile cha kusukuma mabehewa ya mizigo mpaka ndani ya meli. Asiyeiona meli ile haamini: sakafuni ina reli, behewa linaingia zima na marobota yake ya pamba, linavuka ziwa, na likifika ng'ambo linashuka na kuendelea na safari. Kichwa chenyewe kilikuwa kizito mno kukanyaga daraja la gati, kwa hiyo katikati walifunga mabehewa matupu, yawe mkono mrefu wa kusukumia. Mume wangu akawa haoni ndani ya meli kunafanyika nini. Alitazama mkono wa mtu mmoja aliyesimama mlangoni mwa meli. Mkono ukipanda, anakuja. Ukishuka taratibu, anapunguza mwendo. Ukikata hewa, anasimama hapo hapo.

Mwenye mkono huo alikuwa baharia, na alikuwa mtani wetu, maana kabila lake na letu yanataniana tangu mababu. Alimwita mume wangu dereva wa kurudi nyuma. Mume wangu akamwita mlinda mlango. Walipendana sana.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Madukani vitu vikajaa, nami nilifurahi kama wengine, sisemi uongo. Hata sabuni nilianza kuchagua. Lakini mizigo ikahamia kwenye malori, mabehewa yakaota majani pale stesheni, na watu wakapunguzwa kazini. Mume wangu akapunguzwa. Mtani akabaki, kwa kuwa meli ilikuwa bado inakwenda, ingawa kwa kusuasua.

Kesho yake mtani akaja kwetu Igoma na kilo ya sukari, kutupa pole. Na kama ilivyo ada, akatania: "Usihuzunike, dereva. Kuku wa mkeo wapo, utawaendesha hao." Siku nyingine tungevunjika mbavu. Mume wangu akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Lo! Kumkasirikia mtani! Kwetu hilo ni kosa, na faini yake ni kuku. Mtani aliaga kwa sauti ndogo, na hakurudi tena.

Kukosa kazi sikukuogopa sana, hatukuwa wa kwanza. Nilichoogopa ni kimya. Yule mtani ndiye aliyekuwa akimchekesha mume wangu, na bila yeye nilimwona anakauka mbele ya macho yangu. Kula, kidogo. Kuongea, ndiyo na hapana.

Ndipo akaanza makopo. Ya maziwa, ya mafuta, yote aliyakata na kuyakunja: mabehewa ya pamba, matangi, na lile la breki la mwisho, lenye kidirisha. Reli alizitengeneza kwa vyuma vya miavuli mibovu. Sebule ikawa stesheni, mgeni akiingia anaruka. Nililalamika, lakini ah, alipendeza akipiga honi kwa mdomo akidhani sipo.

Kisha akaunda meli kwa bati la debe, na ziwa likawa beseni langu la kufulia. Meli ikagoma. Behewa la kwanza likiingia tu, inalala ubavu na mzigo wote unazama. Akaipanua, ikazama. Akahamisha reli, ikazama.

"Si umuulize mwenye meli?" nikamwambia.

"Mwenye meli yupi?"

Nikajua kidonda bado kibichi.

Mimi si wa kungoja. Nilipokwenda Mwaloni kununua dagaa nikamkuta mtani anachagua sato. "Wewe! Umetususa, unangoja msiba ndio uje kula?"

"Shemeji, mumeo ndiye aliyenifungia mlango."

"Basi njoo uufungue. Meli yako inazama kwenye beseni langu, na mimi nina nguo za kufua."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka mwenye samaki akamwambia anunue au aondoke.

Jumapili akaja, akipaza sauti tangu uani: "Nimefuata faini yangu!" Mume wangu alikuwa ameshika behewa, hajui aliweke wapi. Mtani hakumpa nafasi ya kujificha. Akachuchumaa penye beseni, akatikisa kichwa.

"Ndiyo maana walikufukuza. Meli haina maji tumboni, itasimamaje?"

Akaeleza kwamba chini ya sakafu kuna matangi. Behewa zito likiingia upande huu, yeye anawaashiria walio ndani wajaze maji upande ule. Miaka yote mume wangu anasukuma, kumbe mwenzake alikuwa anamsawazishia.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Wakapachika vikopo vya maji chini ya meli. Mtani akainua mkono, mume wangu akasukuma. Mkono ukashuka, akapunguza. Ukakata hewa, akasimama. Meli ikayumba, ikatulia. Walishangilia kama watoto! Faini ililipwa mchana huo huo, kwa jogoo wangu mimi, wala hakuna aliyeniuliza.

Haukupita muda mrefu, mtani naye akapunguzwa. Alikuja moja kwa moja kutoka bandarini, buti za kazi bado miguuni, akakaa akitazama sakafu. Mume wangu hakumtania. Nilimwelewa: utani wa kuku ulikuwa umemuuma yeye, hakutaka umuume mwenzake. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Mtani ndiye aliyesema: "Nitanie basi. Hata wewe unaninyima?"

Mume wangu akakohoa. "Ningekuachia kuku uwaendeshe," akasema, "lakini jogoo ulishamla."

Mtani akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na sisi tukalia naye. Kisha mume wangu akatoka uani, akarudi na beseni, akaliweka kati yao na kwenda kuchukua meli. Nguo zangu nilizoloweka alikuwa amezimwaga chini kwenye vumbi, na siku hiyo sikusema neno.