Sabuni ya Siku Tatu

Leo sabuni yangu inakauka mwezi mzima, hata mteja akinililia mlangoni. Lakini acheni niungame nilikoanzia.

Wakati wa vita, boti za Kinshasa zilikuwa hazifiki tena Kisangani, na mji mzima ukakosa sabuni. Jirani yetu, tonton Albert, akanifundisha kuipika kwa mawese na soda kostiki.

"Sasa iache ikauke mwezi moja," akasema, kisha akajikalia kwenye kiti chake.

Nikamwona mvivu. Mimi nilikuwa na watoto wa kulisha! Nilipika asubuhi, nikapika jioni, na siku ya tatu nikakata vipande, nikavipanga kwenye kitunga, nikajitwika mpaka Makiso, katikati ya mji.

"Sabuni! Ngumu kama jiwe!"

Manyunyu yalikuwa yameanza. Watu wakanigeukia wakitabasamu, nami nikazidi kupaza sauti. Shingo ikaniwasha, kitu kizito kikanitiririka mgongoni. Jasho la kazi, nikajiambia kwa fahari. Waendesha toleka wakasimamisha baiskeli zao, wakashika mbavu kwa kicheko.

Mbele yao nikamwona tonton Albert.

"Tonton, angalia jasho yangu!" nikasema, nikijipangusa uso na kumwonyesha kiganja. "Wewe uko unakaa tu kwa kiti!"

Akakitazama kiganja changu taratibu.

"Bon, mama, kazi unafanya kweli. Lakini mu maisha yangu yote, sijaona jasho ya kutoa povu."