Mkebe wa Majivu Nyuma ya Mlango

Dadangu mdogo alishuka Nakuru na masanduku matatu, na ushauri wa kujaza la nne. Alikuwa amekaa Amerika miaka tisa. Siku ya kwanza alinifundisha kuchemsha maji. Siku ya pili alifungua friji yangu, akasikitika, akaniuliza kama kweli Mama anaishi kwa vitu hivyo. Nikamjibu kwamba Mama haishi kwa kitu chochote, na hiyo ndiyo shida.

Na ilikuwa shida kweli. Mama nilimtoa kwetu Kuresoi mwaka jana, alipong'olewa meno ya mwisho, nikamleta kwangu Kiamunyi, hapa Nakuru. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ikamshinda. Ugali alisema unamkwama kooni. Mukimo wa viazi na mahindi nilimpondea mpaka ukalainika kama uji, akaugeuzia uso, ati yeye si mtoto wa kutafuniwa. Alibaki na chai na kipande cha mkate cha kuchovya, na magauni yake yakaanza kumning'inia. Daktari wa kliniki aliniambia bila kuzunguka kwamba mwili huo ukizidi kupungua nisije kumwomba dawa.

Basi huyu wetu wa ng'ambo akakaa kando ya kiti cha Mama, akaanza hadithi za tortilla. Jirani yake huko ni mama wa kutoka Meksiko, na mama huyo hupika chapati za mahindi, nyembamba, laini, unazikunja na maharagwe ndani. Hata mtu asiye na meno anakula. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Hiyo nitaonja."

Aki niliumia. Mwaka mzima nampikia, hajawahi kunitamkia neno kama hilo. Kumbe alikuwa anangoja chakula cha watu asiowajua, kutoka nchi ambayo hawezi kukuonyesha iko upande gani. Nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu mpishi wetu alifunga aproni aliyokuja nayo, akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akamwaga unga wa ugali kwenye beseni. Unga wa ugali, jamani. Mtu amezaliwa Kuresoi, amelelewa na mahindi, halafu anaukanda unga huo na maji ya baridi akitumaini utashikana. Ulipasuka. Akaongeza maji, ukamng'ang'ania vidole kama matope. Tortilla zilizofika kwenye pan zilivunjika kama vigae. Mama alikuwa amekaa mezani tangu saa sita, na shali yake safi, akitazama mlango wa jikoni. Saa nane alikunywa chai.

Ndipo dadangu alipoisoma ile simu mpaka mwisho. Kumbe mahindi huchemshwa kwanza na chokaa, yakavua maganda, ndipo yasagwe yakiwa bado yana maji. Akaniuliza kama Nakuru kuna chokaa ya kupikia. Nikamwambia sijui.

Nilijua. Labda si chokaa, lakini nyuma ya mlango wa jikoni kwangu kuna mkebe wa majivu ya maganda ya maharagwe, niliyoyatoa shambani kwetu. Ukiyatia kwenye kopo la matundu ukayamwagia maji, chini hudondoka maji ya rangi ya chai, makali. Hayo ndiyo Mama aliyotufundisha kulainishia githeri, na ukizidisha kidogo tu, mahindi yanajivua maganda yenyewe. Alitufundisha sisi wakubwa. Huyu kitinda mimba alikuwa shule ya bweni, akila mkate na siagi kwa jasho letu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka azunguke.

Akazunguka. Jumanne alimaliza supamaketi zote, akaingia maduka ya dawa, mwisho akaishia kwa muuza rangi na saruji, ambaye alimwambia chokaa anayo, ya kupaka ukuta wa choo, anataka mifuko mingapi. Aliponisimulia nilijificha jikoni nikacheka mpaka machozi. Jioni alichanganya unga wa ngano na wa ugali, kikatoka kitu ambacho si chapati wala si ugali. Mama alimega, akakitafuna kwa fizi muda mrefu, akakitoa taratibu kwenye leso. Akasema asante, mtoto amejaribu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji wetu alikunywa chai tena.

Jumatano Mama hakutoka chumbani. Nilimkuta amegeukia ukuta. Akaniambia tusijisumbue zaidi, hamu imeisha. Nilimshika bega nimgeuze, mkono wangu ukakuta mfupa. Kicheko cha jana kikanirudi, nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Nikachuja majivu, nikabandika mahindi meupe na maji yale, nikakaa papo hapo mpaka maganda yakaanza kuteleza vidoleni. Nikayaosha maji saba, nikayasaga mara mbili kwa mashine yangu ya mkono ya kusagia nyama. Dadangu alisimama kando, mdomo wazi, akiniuliza nimejulia wapi. Nikamdanganya kwamba nimekumbuka usingizini. Alikubali. Ana ujinga huo wa kuamini watu, na siku hiyo ulinichoma. Nilimpa kazi ya kubana madonge kwa tako la sufuria, katikati ya nailoni mbili za mkate, na hiyo aliiweza. Kwenye pan hazikupasuka hata moja. Zilifura.

Mama aliletwa mezani amejifunga shali juu ya gauni la kulalia. Ya kwanza aliila kavu. Ya pili aliikunja na maharagwe. Dadangu alipiga picha kutoka pande nne, akawatangazia marafiki zake kwamba hizo ni tortilla zake za kwanza kupikia Kenya. Zake, ati. Nilimwachia. Akatoka nje kutafuta mtandao, tukabaki wawili, na Mama akanyoosha mkono akachukua ya tatu.

"Majivu yako hapo nyuma ya mlango tangu unilete," alisema, bila kuniangalia. "Nilikuwa nangoja nione utaniacha na njaa siku ngapi."

Nilimwongezea maharagwe.