Mtambo wa Katekista

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha magari yao mpaka vijijini kwetu Mbinga, baba alishikwa na wazimu wa mvuke. Sina neno jingine. Bega la mama lilikuwa limechakaa kwa kuzungusha mashine ya kumenya kahawa mbivu, na kahawa ikilala na ganda lake inachacha. Baba akasema mvuke ndio utazungusha. Injini ndogo alishaipata, chuma chakavu cha karakana ya misheni. Ilibaki boila.

Tuliijenga nyuma ya jiko, yeye na mimi, nikiwa nimemaliza shule na sina kazi. Mabomba membamba tuliyapitisha ndani ya tanuri la matofali, juu yakaingia kwenye mtungi mnene wa chuma.

"Maji ndani ya bomba, moto nje," baba alinieleza. "Likipasuka, linapasuka bomba moja dogo. Hatufi."

Faraja gani hiyo, jamani!

Haya sasa. Moto, mtungi, mabomba, tena nyuma ya jiko. Nani kwetu aone hayo aseme ni mambo ya kahawa? Kijiji kizima kikajua baba, katekista wao, anapika pombe ya gongo. Wengine walikuja na chupa tupu, wakabisha hodi kwa adabu zote.

Mwenyekiti wa walei pale kanisani hakucheka. Alimpelekea Padre habari, na Padre akasema atakuja mwenyewe. Ikiwa ni gongo kweli, baba ataacha ukatekista. Nilichukia mpaka basi! Mtu aliyefundisha nusu ya waumini wa kigango chetu kusali, leo anakaguliwa kama mhuni. Baba yeye alisema tu, "Waje, waone," akaendelea kukaza nati.

Wakaja Jumapili baada ya misa, na kigango chote nyuma yao. Baba akawasha moto, mvuke ukaanza kufoka. Mwenyekiti akaomba sahani ya bati, akakinga nayo mvuke uliotoka kwenye koki, matone akayachuruzisha kwenye kijiko. Akanusa. Akasugua kidogo kwa vidole. Akatoa kiberiti mfukoni mwake mwenyewe, akajaribu kuyawasha, njiti ikazimika. Ya pili nayo ikazimika. Mwisho akaonja kwa ncha ya ulimi, uso ukamshuka.

"Maji," akasema, kwa masikitiko kabisa.

"Baba," mke wa mwenyekiti akamuuliza kutoka kwa akina mama, "na huo upimaji umejifunzia wapi?"

Weee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Padre aligeuka kutazama mibuni, mabega yanamtikisika.

Kisha baba akafungua valvu. Mkanda ukavuta, mashine ikazunguka yenyewe, maganda mekundu huku, kahawa kule. Mama alipiga vigelegele peke yake, wenzake wakadakia.

Padre akamshika baba mkono. "Katekista, tufungie kwa Baba Yetu."

Baba akavua kofia, akaanza. Maneno mawili tu, akakwama. Sala ile aliyowafundisha nusu ya waliosimama pale ilimpotea. Kumbe muda wote ule wa "waje, waone" alikuwa akiogopa, nami nilifanya naye kazi kila siku nisione. Mama akaipokea sala pale alipoiachia, nasi tukamfuata, baba akisali nyuma yetu kama mwanafunzi.