Jeneza la Mtu Mrefu

Juzi nilikuwa kwa fundi seremala huku Bweri, nimefuata kitanda changu ambacho kila nikienda naambiwa rangi haijakauka. Akaingia bibi mmoja na shemeji yake, mzee wa kutembelea fimbo. Walikuja kuagiza jeneza la mume wa bibi, askari aliyeuawa vitani Uganda akiwa bado kijana. Kaburi lake limepatikana, mifupa inarudi kwao Bukima.

“Fanya fupi tu, fundi,” mzee akasema. “Mifupa haihitaji nafasi.”

Bibi akamgeukia. “Shemeji, tulipokosa mwili wake tulizika mgomba. Tuliukata urefu gani?”

“Wa kwake.”

“Mgomba tuliupa urefu wake. Leo amekuja mwenyewe, ndiyo mnampunguza?”

Fundi akachomoa futi, akauliza marehemu alikuwa mrefu kiasi gani. Bibi akaenda mlangoni, akainua mkono juu ya kilemba chake, akabandika kiganja kwenye fremu.

“Hapa. Kanisani nilikuwaga namwegemea begani.”

Nikasahau kitanda. Sisi tunaorudi nyumbani kila jioni, sijui kama kuna anayejua vichwa vyetu vinaishia wapi mlangoni.

Mzee akainuka taratibu, akaegemeza fimbo ukutani. Akaushika mkono wa bibi, akaupandisha kidogo.

“Hapa, shemeji. Umesahau alikuwaga anainama kuingia ndani?”