Wali wa Idi Ulionuka Moshi

Mimi mtu wa Unguja, na huko kwetu Idi bila wali ni siku kama nyingine. Ujinga huo nilikwenda nao Maparoni, nilikoitwa kufundisha watoto Kurani, na vita vya maji, vya kupigana na Mdachi, vikanikuta huko huko. Njia ya kurudi ikafungwa. Nikakaa nyumbani kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akilea mjukuu wake, binti wa miaka tisa, mwanafunzi wangu.

Askari wa Mdachi walipita wakachoma maghala ya mpunga. Walichoshindwa kubeba wakakitia moto, wakatuacha tunatazama. Tangu siku ile tukala ndiga. Hiki ni kiazi cha porini chenye sumu. Bibi alikwenda kukichimba upande wa Mahege, akakikatakata, akakiroweka siku tatu na kubadilisha maji, maana usipofanya hivyo kinakulewesha, na hata kuua. Kikiiva hakina ladha yoyote.

Nami nilikisema vibaya. Kila jioni ya Ramadhani, wenzangu wakifuturu kwa kushukuru, mimi nilisimulia pilau ya mama yangu, kaimati, na tambi za sukari. Nilisema kwetu chakula hiki hata mbuzi hawapewi. Bibi alicheka na kuitika, "Ndiyo, mwalimu." Mjukuu alisikiliza huku akilamba vidole.

Ulipobaki usiku mmoja mwezi uandame, nikatamka nisichoweza kukirudisha: "Bibi, Idi ya ndiga siyo Idi."

Asubuhi ya Idi nikaamshwa na sauti ya kinu. Niliporudi kutoka msikitini nikakuta sahani ya wali wa nazi, na samaki juu yake. Nikafurahi mno. Wao wawili hawakukaa kula nami. Bibi alisema wamekwisha kula, nami sikuuliza wamekula nini. Nilimaliza sahani, kisha, Mungu anisamehe, nikasema, "Mzuri, ila unanuka moshi kidogo."

"Ndivyo ulivyo mchele wetu, mwalimu," akajibu.

Mvua zikaanza. Kila mwenye jembe alishuka shambani, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa majivu. Bibi alikaa kizingitini. Siku ya tatu nikamwuliza mbona haendi kupanda, nikamtania kwamba uvivu umemwingia uzeeni.

"Nikapande nini, mwalimu? Mbegu si uliila siku ya Idi?"

Akanionyesha juu ya meko. Pale palikuwa pakining'inia kibuyu cheusi kwa masizi, kilichozibwa kwa udongo, na askari walikiona wakadhani takataka. Nami nilikiona kila siku. Sikujua kwamba watu wa huku mbegu huihifadhi juu ya moshi ili isiliwe na wadudu. Sasa palibaki kamba tupu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipandisha sauti, kana kwamba kosa ni lake.

"Mgeni alale njaa kwangu siku ya Idi? Watu wangesemaje?"

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikwisha kaa mwaka mzima, na jembe sikupewa, kwa sababu nilikuwa mwalimu. Majirani nao hawakuwa na mbegu ya kugawa.

Mpunga wa wenzetu ulipochanua, shamba la bibi lilikuwa nyasi. Ndiga za karibu zilikwisha. Mjukuu akavimba miguu, akashindwa kuja chuoni. Alikuwa amefika nusu ya Juzuu Amma. Tulimzika Ijumaa, na mimi ndiye niliyemsomea.

Kwa desturi yao, msomaji wa hitima hulishwa kwanza, kabla ya wafiwa. Bibi mwenyewe akaninawisha mikono, akaniwekea ndiga mbili kwenye sahani ile ile.

"Samahani, mwalimu," akasema, "leo hakuna wali."

Nikala. Yeye alisimama akisubiri nimalize.