Ndoo Niliyoshindwa Kuiacha

Nakumbuka siku niliyoharibu maji kwa kuyahangaikia mno. Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo ingawa ndevu zangu bado hazijajaa kidevu: kosa langu la kwanza lilikuwa kushindwa kuondoa mkono kwenye ndoo.

Mama yangu hufua nguo za watu hapa Kabondo, Kisangani. Maji yake ya sabuni yalikuwa yakiteremka hadi uani kwa jirani yetu, Papa Ramazani, fundi cherehani mzee, yakipita palepale anapotandika mkeka wa kusalia. Alivumilia muda mrefu. Mwishowe akamwambia mama, kwa upole, asafishe maji yake au akafulie mahali pengine. Na mahali pengine hatukuwa napo.

Nilijifundisha kwenye simu, bila mwalimu. Mbegu kavu za mlonge unazimenya, unazitwanga, unachanganya unga na maji kidogo, unachuja kwa kitambaa. Ule uji mweupe unaumimina katika maji machafu, unakoroga kwa kasi, kisha polepole, kisha unaacha. Uchafu hushikana vipandevipande kama maziwa yaliyoganda, ukazama chini.

Unaacha! Hapo ndipo nilipokwama. Nikiona kipande kimoja kinaelea, nilidhani dawa imeshindwa. Nikaongeza mbegu, nikakoroga tena. Vipande vikavunjika, maji yakawa kama yale ya kuoshea mchele.

"Hiyo ndoo iko bibi yako?" mama akacheka, kana kwamba nimeioa. "Iache ipumue kidogo!"

Sikuiacha. Kesho yake ikanuka, nami kwa aibu nikaimwaga mferejini. Maji yakimwagika hayazoleki: harufu ilifika kwa Papa Ramazani kabla yangu.

Nilikwenda kuomba radhi. Hakufoka. Alinimiminia kahawa, nami nikaanza kukoroga sukari, nikakoroga, nikakoroga, kwa kuogopa kumtazama.

"Bon. Kunywa sasa."

Nikanywa, nikatema mashapo.

"Unaona? Kahawa haiko mubaya. Ni mukono yako haitulie. Donc, lete ile ndoo hapa."

Nikaleta maji mapya ya mama, nikatia dawa, nikakoroga mbele yake. Alasiri ilipofika, akachukua mkeka.

"Naenda kusali. Ukigusa ile maji, nitajua."

"Utajua namna gani, Papa, na kichwa iko chini?"

"Mungu iko anaona. Na bibi yangu iko kwa dirisha."

Nilikalia mikono yangu. Sijapata kuona sala ndefu kama ile, Mungu anisamehe. Aliporudi, saa nzima baadaye, tuliyamimina maji ya juu taratibu katika beseni. Akadondosha ndani kifungo cha shati, akavaa miwani, akainama.

"Naona matundu yake," akasema. "Alors, ambia mama yako afue."

Mwanangu, jaribu kwanza katika chombo kidogo ujue kiasi cha mbegu, kwa kuwa kuzidisha huharibu kama kupunguza. Maji hayo usiyanywe hata yakimetameta. Mwagilia migomba, na mashapo uyafukie mbali na kisima. Na ukishatenda sehemu yako, ondoa mkono. Sisi wenye hofu hudhani kitu kikiachwa kidogo kitaharibika, kumbe vingine hukamilika tukiwa tumevipa mgongo. Mstahimilivu hula mbivu, na migomba ya mama ni shahidi wangu.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutenda na mzito wa kuvuruga.

Siku hizi mama bado anafulia palepale. Maji yake yanaishia kwenye migomba, na mkeka wa Papa Ramazani hukaa mkavu. Nami nikishakoroga, naweka chini kijiti cha kukorogea, naenda kumsaidia mama kuanika nguo.