Siku Baba Alipoachia Kamba

Jana nilisimama kwa fundi viatu pale Goba. Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ikanipanda puani, na moyo ukaanza kunidunda kama nina miaka saba.

Baba alikuwa akifunza farasi kwenye banda la tajiri mmoja kule Bunju. Mwaka ule kulikuwa na farasi jike mweusi aliyekuwa akimwangusha kila aliyempanda. Tajiri akasema asipotulia hadi Jumamosi, atauzwa. Wiki nzima Baba alishinda naye, akimsugua na kumwimbia nyimbo alizotubembelezea sisi.

Jumamosi akatuchukua, mie na Mama. Mbele ya tajiri akaninyanyua, akaniketisha juu ya tandiko la ngozi lililonukia mafuta.

"Baba watoto, umerukwa na akili?" Mama alipiga kelele.

"Mke wangu, ningekuwa na wasiwasi naye, ningempa mwanangu?"

Akaninong'oneza, "Pumua taratibu. Anakusikiliza."

Farasi akaanza kutembea, Baba kando yetu ameshika kamba. Shingo ya farasi ilikuwa ya moto chini ya viganja vyangu. Mwendo ukaongezeka, upepo ukanijaa masikioni, mara nikasikia Mama akipiga vigelegele. Nikageuka. Baba alikuwa nyuma kabisa, mikono mitupu, anacheka!

"Farasi huyu hauzwi tena," tajiri alisema.

Baba hata hakumsikia. Alikuwa anakuja mbio kunishusha, machozi na kicheko vikimtoka pamoja, na mie nimekumbatia shingo ya farasi, nimegoma kushuka.